Siku nane kwa mama, kule Idjwi



Katibu wetu aliniomba niandike habari ya safari yangu ya Idjwi. Alisema nilirudi na uso mwingine, na kwamba wamama wangependa kujua uso huo unauzwa soko gani. Tulicheka. Lakini nilipokaa kuandika niliona siwezi kusimulia safari bila kusema nilikwenda kutafuta nini, na hilo sikumwambia mtu, hata ninyi ninaokaa nanyi kila siku ya nne kwenye mkutano wa MUSO. Leo nitalisema. Limekwisha, na uchungu wake umepungua.

Moto wa soko mnaujua, sitaurudia. Meza yangu ilikuwa na piesi 46 za vikwembe, na asubuhi nilikuta vyuma vya meza na majivu. Majivu yenyewe bado yalionyesha maua ya kitambaa, mpaka upepo ulipoyagusa. Kasha jekundu lilinisaidia unga, maharagwe na minervali ya watoto, nami nawashukuru tena. Lakini kasha jekundu ni la msiba, halikuwekwa kwa kulipa deni la biashara, na mimi nilibaki na deni la dola 600 kwa tajiri aliyenipa bidhaa.

Kisha nyumba ikanyamaza. Baba watoto ni motari; alianza kutoka kabla ya mapambazuko na kurudi wakati watoto wamelala. Tulipoongea, tuliongea juu ya franga: za chumvi, za makala, za maji, za mafuta ya moto yake. Watoto walizoea kila mmoja kuchota bugali yake kwenye sufuria na kwenda kula pembeni, mmoja kitandani, mmoja mlangoni, mmoja karibu na mbabula. Mimi mwenyewe nilikula nikiwa nimesimama. Sikumbuki siku ile desturi hiyo ilipoanza, na hilo ndilo linaloniogopesha ninapolifikiri sasa.

Basi nikakumbuka shamba la kahawa la mama. Mtu mmoja wa hapa mjini alikuwa ananunua mashamba kisiwani, na bei aliyotaja ingemaliza deni na kunirudishia meza. Mama yangu ni mzee, yuko peke yake, na mimi ndiye mtoto wake aliyebaki. Nikajiambia: nitakwenda naye taratibu, nitamwomba auze, kisha nitamleta Bukavu akae nasi. Nililipanga vizuri sana hata likaonekana kama upendo.

Tulipanda boti siku ya kwanza, juma la kwanza la likizo ya Pasaka: mimi, binti yangu mkubwa wa miaka 15, mdogo wake mvulana wa miaka 11, na kadogo ambaye ana miaka mitano. Baba watoto alitusindikiza mpaka biche, akaweka mizigo chini, akasema, "Msalimie mama," akaondoka kutafuta wateja.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wamama wanaosafiri na watoto: ombeni jile, na mzivae. Msiziweke chini ya makalio kama mto. Boti yetu ilikuwa ya mbao, imebeba magunia ya unga, mabati, katoni za sabuni na kuku wawili waliofungwa miguu, na jile zilikuwa chache kuliko watu. Nilisumbua mpaka watoto wangu watatu wakapata. Mzee mmoja alinicheka. Mwache acheke. Mimi ninajua ziwa hili kwa sababu mtaiona mbele.

Hamjawahi kuona Bukavu mpaka muione mkiwa majini. Sisi tunaokaa ndani yake tunaona matope ya Kadutu, mifereji iliyojaa plastiki, na bomba ambalo halitoi maji. Lakini boti ilipoacha ukingo, mji ulijifungua kama mkono: zile rasi zake zimeingia ziwani kama vidole vitano, na nyumba zimepanda vilima mpaka juu, mabati mekundu na mabati ya kutu, na moshi wa asubuhi umelala katikati. Hata Kadutu ilikuwa nzuri. Mvulana wangu alikuwa anatafuta paa la nyumba yetu, akasema analiona, lile lenye tairi juu. Kuna mapaa mia yenye tairi juu kule, lakini sikumkatalia.

Ziwa Kivu liko juu, kama mita 1,460 juu ya bahari, na katikati ya maji yake kina kinakaribia mita 480. Chini kabisa kuna gesi. Halina mamba, ndiyo maana watoto wa ukingoni wanaogelea bila hofu tangu wakiwa wadogo. Hata sambaza, tunaodhani walizaliwa pamoja na sisi, ni wageni: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nilimweleza binti yangu, akaniuliza watu walikuwa wanakula nini na bugali kabla ya hapo. Ni swali zuri. Nilimwambia amwulize tate yake.

Baada ya muda wa saa tatu hivi tulifika upande wa kusini wa kisiwa. Idjwi si kisiwa kidogo; kina urefu wa karibu kilomita 40, ni teritware nzima peke yake, na mtu anaweza kuzaliwa kaskazini na kuzeeka bila kufika kusini. Hakuna anayekusubiri na gari. Unapanda kilima kwa miguu, mzigo kichwani, njia nyekundu katikati ya migomba na mihogo, na kila mtu unayekutana naye anasimama akusalimie mpaka akujue wewe ni mtoto wa nani. Binti yangu alikuwa amevaa viatu vyeupe. Tulipofika juu vilikuwa na rangi ya njia, naye alikuwa na sura ya mtu aliyepelekwa gerezani.

Mama hakuwa nyumbani. Jirani alituambia yuko shambani, ni wakati wa kahawa. Tukamkuta katikati ya miti, kikapu kimefungwa kiunoni kwa kipande cha kikwembe cha zamani, nikakitambua kikwembe hicho, nilimletea mimi mwaka ule nilipoanza biashara. Alinitazama, akawatazama watoto mmoja mmoja, akasema, "Mmefika vizuri. Chukueni vikapu."

Hiyo ndiyo salamu. Tulichuma mpaka jua likainama.

Wamama wengi hapa tunakunywa chai, na kahawa tunaijua kama unga ndani ya kopo la duka. Acheni niwaambie namna inavyofanya kazi, kwa maana niliisahau hata mimi niliyezaliwa ndani yake. Matunda ya mti mmoja hayaivi siku moja. Kwenye tawi lilelile utakuta jekundu, la manjano na la kijani. Unachuma jekundu tu, kwa vidole, moja moja. Ukikamua tawi zima kwa haraka umeharibu. Kwa hiyo mti mmoja unarudiwa mara nyingi katika msimu, kuanzia mwezi wa tatu hivi mpaka wa sita. Na lile ulilochuma leo lazima lifike kituo cha kuoshea leoleo, likilala linachacha. Pale kituoni wanalimimina ndani ya maji: zuri linazama, bovu linaelea. Wanalimenya, wanaliacha lichachuke kwa kipimo, wanaliosha, kisha punje zinaanikwa juu ya meza ndefu za nyavu, na wamama wanasimama pande zote mbili wakichagua kwa mkono.

Kadogo alichuma ya kijani tu. Mama alipoona kikapu chake hakumgombeza. Aliyamwaga chini, akamwonyesha moja jekundu, akaliminya mpaka punje mbili zikatoka na utelezi wake mtamu, akamtia mdomoni. Toka hapo kadogo alikuwa anaweka moja kwenye kikapu na moja mdomoni. Hiyo nayo ni kazi.

Sasa niseme habari ya ziwa.

Baba yangu alikufa nikiwa na miaka 12. Wakati ule kahawa ya kisiwa haikuwa na mnunuzi wa maana. Wanaume walikuwa wanaipakia usiku kwenye mitumbwi, wanavusha kwenda upande wa Rwanda, wanaibadilisha kwa chumvi, sabuni na nguo, na kurudi kabla ya mapambazuko ili wasikamatwe. Upepo wa ziwa huamka usiku wa manane bila kupiga hodi. Baba aliondoka na wenzake wawili na magunia manne. Mtumbwi ulionekana siku mbili baadaye umepinduka. Hatukuzika mtu. Si sisi peke yetu. Nendeni kijiji chochote cha kisiwa kile mtakuta wamama wenye umri wa mama yangu walioachwa na kahawa. Baadaye vilikuja vyama vya wakulima na vituo vya kuoshea, na sasa matunda yanauzwa mchana, yanapimwa kwenye mizani mbele ya macho yako. Lakini baba hakuufikia mchana huo.

Kwa hiyo mimi kahawa sikuipenda kamwe. Nilipofikiri kuliuza shamba, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inafikiri juu ya deni, na sehemu nyingine ilikuwa inasema: na iondoke.

Siku tatu za kwanza nilizunguka jambo langu kama kuku anayezunguka nafaka iliyoanikwa. Nilimsifu mama kwa nguvu zake, kisha nikamuuliza kama mgongo haumsumbui. Nilimweleza habari ya hospitali za Bukavu, hata habari ya televisheni ya jirani yangu nikamweleza. Yeye alikuwa anajibu "Ee," na kuendelea.

Usiku wa siku ya tatu mvua ilianza, ile mvua ya mwezi wa nne isiyo na radi, inayokaa tu. Watoto walilala. Tulikuwa jikoni, yeye anapanga kuni zisilowe, mimi naosha sahani. Akasema bila kunigeukia:

"Umekuja kuomba shamba."

Nilinyamaza. Nikamuuliza nani alimwambia.

"Toka umefika hujauliza habari ya kahawa hata mara moja. Hujauliza bei, hujauliza magunia mangapi. Mtu anapokwepa kukitaja kitu, ndicho alichokifuata."

Basi nikamwambia yote: moto, piesi 46, dola 600, tajiri anayepiga simu, baba watoto na kimya chake. Nilisema hata lile la kula nikiwa nimesimama. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoa machozi na si deni. Mama alikaa kwenye kigoda chake. Akasema, "Shamba ni lako. Nikifa litakuwa lako, na hata leo ni lako. Lakini mambo ya ardhi hayasemwi usiku. Tumalize kuchuma, tutaongea siku ya posho."

Akaenda kulala. Nilisikia usingizi wake upesi, pumzi ya mtu ambaye hana deni.

Sasa niwaambie zile siku kati ya hapo na siku ya posho, kwa maana ndizo ninazozikumbuka, ingawa hakuna kilichotokea ndani yake. Mama anaamka kabla ya jogoo na kufagia lupango. Anafagia hata pale ambapo hakuna jani, kwa mistari ya nusu duara, na ardhi inabaki na alama kama nywele zilizosukwa. Kadogo alikuwa anaogopa kuikanyaga. Kisha maji: wavulana wa jirani walikuja kumchukua mvulana wangu waende kisimani, na siku ya kwanza alirudi na nusu bidoni na maji mengine yote kwenye kaptula, siku ya tano alirudi na bidoni imejaa na majina ya marafiki wanne. Jioni alijifunza kuogelea. Nilikaa kwenye jiwe na moyo mkononi, nikimwangalia, mimi mtoto wa mtu yule. Hakujua ninachoangalia. Alikuwa anapiga maji na kupiga kelele, "Mama, tazama!" na mimi nilitazama, na siku ya tatu ya kutazama nikagundua nimeacha kuhesabu anapozama na kuibuka.

Binti yangu ndiye aliyenishangaza. Siku mbili alikaa na simu isiyo na mtandao, akiinua mkono juu kama anayeomba mvua. Siku ya tatu mama alimwita amsuke. Mama ana nywele nyeupe, fupi, laini kama pamba, na binti yangu anasuka vizuri, hilo mnalijua, amewasuka wengi wenu. Walikaa mlangoni muda mrefu. Nilikuwa napita na kurudi, nikisikia vipande. Alikuwa anamwuliza lile swali la sambaza. Mama hakujua habari ya miaka wala habari ya Tanganyika, lakini alijua kwamba mama yake alikuwa anasema juu ya samaki wengine wa zamani, wakubwa kidogo, wa kuvua kwa ndoano. Kisha nikasikia anamsimulia habari za baba yangu. Si habari ya mtumbwi. Alimwambia kwamba babu yake alikuwa anaimba vibaya sana, na kwamba wavuvi walimkataa kwenye kundi lao kwa sababu alikuwa akiwapoteza makasia. Mimi mtoto wake sikuwahi kusikia hilo. Miaka yote nilikuwa na baba mmoja tu, wa usiku ule, na huyu mwingine anayeimba vibaya alikuwa amekaa kwa mama akisubiri mtu aulize.

Wavuvi wa kwetu wanaimba, wale waliovuka Kivu jioni wanajua. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama pembe, na wanapiga makasia kwa kufuata wimbo. Wanatoka jua likizama. Usiku wanawasha taa juu ya maji ili sambaza wafuate mwanga, kisha wanavuta wavu. Mwezi ukiwa mkubwa hawapati kitu. Juma lile hapakuwa na mwezi. Kutoka kwa mama, ukikaa upande wa nyuma wa jiko, unaona taa zao chini, nyingi, zimetandazwa mpaka mbali, hata hujui wapi ziwa linaishia. Tulikaa pale usiku wa siku ya tano, sote watano, baada ya kula.

Na kula kwenyewe: mama ana sahani moja kubwa ya bati, ya bluu, iliyochubuka. Bugali unamiminwa katikati ya ungo, sombe au maharagwe na ndizi ndani ya sahani, na kila mtu ananawa na kukaa. Hakuna anayechota na kuondoka, kwa sababu hakuna sahani ya kuondoka nayo. Sitaki kusema mama alifanya hivyo kwa kunifundisha; sahani zake nyingine zilivunjika tu. Lakini watoto wakikaa magoti yao yakigusana wanaongea. Mvulana alisema habari za mwalimu mmoja anayemchapa, habari ambayo alikuwa ameibeba tangu mwezi wa pili. Tangu mwezi wa pili, wamama, ndani ya nyumba yangu yenye vyumba viwili.

Siku ya posho tulimaliza kuchuma mstari wa mwisho asubuhi. Tulipeleka kituoni, wakapima, mama akapokea karatasi yake akaikunja na kuitia kwenye pindo la kikwembe. Tuliporudi alinipitisha katikati ya shamba. Akaninyooshea kidole: "Kutoka pale mpaka kwenye mwembe ni mistari kumi na miwili, hiyo alipanda baba yako. Kutoka kwenye mwembe kushuka ni tisa. Hiyo nilipanda mimi, baada yake." Hakuongeza kitu. Mistari tisa, na mimi nilikuwa nadhani yote ni ya baba. Nilikuwa nadhani yeye analinda tu kilichobaki.

Kisha akasema, "Haya. Sema sasa."

Nikasema, "Mama, tuache."

"Na deni?"

"Nitalilipa kidogo kidogo."

"Kwa nini?" Alikuwa anamaanisha kwa kitu gani, na sikuwa na jibu. Ninataka mjue hilo, msidhani niliona mwanga. Nilisimama kwenye shamba zuri na deni langu lote, na tajiri yule angepiga simu tena mara tu nitakapopata mtandao. Ila mkono wangu ulikataa.

Nilitumaini kidogo kwamba mama atatoa zile franga za kahawa. Hakutoa. Jiko lake linavuja, anahitaji mabati, na mtu wa miaka yake akijipangia mabati hamuondoi kwenye mpango huo. Alifanya jambo lingine. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mananasi. Mnajua mananasi ya Idjwi, mnayalipa bei kubwa hapa Nyawera. Kule yanaoza chini kwa kukosa mtu wa kuyavusha. Akasema, "Mimi sina miguu ya mji. Wewe una mdomo wa kuuza, umeuza vikwembe miaka kumi na moja. Peleka haya. Nusu yako, nusu yangu, na usinidanganye hesabu." Yalikuwa 64. Jirani aliposikia akaleta yake 30, kwa masharti yaleyale, naye akaongeza neno kali zaidi juu ya hesabu.

Tulirudi siku ya kwanza, siku yetu ya nane kisiwani. Mama hakushuka mpaka ukingoni, alisema magoti, lakini tulipofika chini na kugeuka tulimwona amesimama kwenye ukingo wa shamba, kikapu kiunoni. Binti yangu alipunga mkono mpaka kilima kikamficha. Alikuwa amevaa kandambili za tate yake; vile viatu vyeupe alimwachia msichana wa jirani, na hakuniomba ruhusa.

Baba watoto alikuwa kwenye biche. Alidhani anakuja kubeba begi mbili. Alipoona mananasi 94 alisimama kimya, nikajiandaa kwa maneno. Akazunguka lile rundo. Akachukua moja, akalinusa. Akasema, "Moto yangu inabeba makumi matatu kwa safari moja, nikifunga vizuri." Safari nne, na hakufunga vizuri. Manane yalipondeka njiani, tukayala.

Nilimpelekea tajiri malipo ya kwanza siku ya pili, dola 15. Aliniangalia kwa dharau, akaandika. Juma lililofuata nilimpa 20. Kwa mwendo huo deni litachukua miezi mingi, na vikwembe sijarudi kuuza. Kuna siku ninapita mbele ya meza za wenzangu na kuona piesi mpya zimekunjwa vizuri na roho inaniuma. Mama mmoja wetu aliniambia nilikosea, kwamba ardhi ni ya kuokoa watu na si ya kuangaliwa. Huenda yuko sawa. Nilimwambia tu habari ya mistari tisa, na yeye akasema habari ya watoto wake sita, na tuliachana vizuri.

Siku ya yenga ile ya kwanza baada ya kurudi, binti yangu alitandika mkeka katikati ya chumba bila kuambiwa na mtu. Hatuna sahani ya bluu. Aliweka beseni dogo la plastiki, lile jipya, akatia sombe ndani. Bugali ulikuwa mgumu kidogo, mvulana ndiye aliyeukoroga. Baba watoto alirudi mapema siku hiyo kwa sababu ya mvua. Alisimama mlangoni, kofia ya moto mkononi, maji yanamtiririka, akatuangalia tulivyokaa chini sote.

"Leo kuna mgeni?" akauliza.

Kadogo akasogea, akampiga mkeka pale pembeni yake kwa kiganja. "Nawa kwanza," akamwambia.

Boti ya mananasi inafika tena siku ya tatu. Anayetaka aniambie kabla ya mkutano, na aje na kapu lake.